Mbio Ambazo Diski Ilikataa Kuzimaliza

Juzi mdogo wangu, aliyehamia Kinshasa, alinitumia ujumbe kwenye simu, akiniita yaya, yaani mkubwa wake: "Yaya, nimepata ile manga yetu. Yote, mpaka mwisho. Picha iko propre, safi kabisa! Fungua." Nilisimama, nikakaa, nikaenda kuchemsha chai ambayo sikuinywa. Sikufungua. Wewe, rafiki yangu, ungefungua?

Ngoja nikueleze. Katuni zote za Kijapani sisi tuliziita manga, na hii ilikuwa ya vijana wanne wapiga makasia waliotaka kushinda mbio za mashua. Tuliitazama kwa bibi, hapa hapa Kisangani, Jumamosi kazi zikiisha. Mimi nilimenya ndizi za lituma, bibi akaziponda, na mdogo wangu akasugua diski kwa dawa ya meno, maana diski za sokoni zilikuja na mikwaruzo yake. Harufu ya samaki wa kukaanga ilijaa sebuleni. Bibi alizaliwa kwa wavuvi wa Wagenia. Kifaransa cha kwenye diski hakukijua, lakini maji aliyajua, na hakuwaacha wale vijana wapumue. "Ule wa nyuma anapiga kasia ao anakoroga fufu?" alifoka. "Vuta na mugongo, mutoto!"

Halafu zikaja mbio za mwisho. Mashua mbili sambamba, mto umejaa povu, na picha ikaganda. Tuliitoa diski, tukaipuliza, tukaisugua tena. Kila Jumamosi iligoma pale pale. Mimi nikasema walishinda. Mdogo wangu akasema walishindwa, yule wa nyuma alikuwa ameshachoka. Tuligombana mpaka bibi akainua mwiko.

Bibi alishatutoka, na sisi wawili hatuna mengi ya kuzungumza. Yeye ana mambo yake, mimi nina ofisi yangu. Lakini kila akipiga simu huanza: "Walishindwa." Nami: "Walishinda, wewe!" Tunacheka, tunabishana, na baada ya hapo ndipo mengine hutoka: kazi, upweke, homa ya mtoto wake isiyokwisha. Bila ubishi ule tungekuwa kama wageni. Na sasa kanitumia mwisho wenyewe.

Jana uvumilivu ulinishinda. Nikafungua. Wameisafisha hata sikuitambua. Maji yamechorwa upya kwa kompyuta, yanang'aa kama sahani, hayalowanishi mtu. Zile sauti za Kifaransa hazipo, ni Kijapani na maandishi chini. Nilikasirika, sikuweza kutulia, nikaruka dakika kwa kidole hadi mwisho.

Walishinda.

Nikampigia. "Walishinda," nikasema.

"Ndiyo, niliona. Ulikuwa na haki, yaya."

Nikangoja abishe. Hakubisha. Akaniuliza kama mvua inanyesha Kisangani, nikamwambia inanyesha. "Bon," akasema, "salimia watu."

Diski zile zimekwisha sokoni, na deki ya bibi sijui iliishia wapi. Hizo sizililii. Tangu utoto nilitaka mdogo wangu akubali kwamba mimi ndiye ninayesema kweli, na hatimaye amekubali. Leo tangu asubuhi nazunguka nyumbani na simu mkononi, nataka kumuuliza kama mtoto amepona, na sijui nianzie wapi.