Moshi Uliolala Juu ya Kasongo

Ilikuwa mwaka ule tulikula mupunga wa mbegu. Muhogo ulikuwa umeoza ardhini kwa mvua nyingi, na mupunga tuliogawiwa wa kupanda tuliutwanga ndani ya nyumba, mulango umefungwa, ili kapita, musimamizi wa mashamba, asisikie kinu. Wajukuu wangu wakiuliza ni mwaka gani, nawaambia ni huo. Wanacheka. Wacheke. Wao wamekulia mikate.

Mume wangu alikuwa mukata majani kwenye kiwanja cha ndege hapa Kasongo. Kiwanja ni neno kubwa; palikuwa na majani mafupi na kibanda cha mabati. Ndege yenyewe ilikuwa ndogo, ya viti viwili, mali ya muzungu wa pamba. Haikubeba barua wala mugonjwa. Siku za kazi ililala kibandani. Jumapili yeye na rafiki yake, muzungu mwenye duka, walipanda kwenda kutembea angani, kisha wakashuka kunywa bia. Sisi tulisema hawa watu hawana shamba.

Kazi yangu ilikuwa moto. Jumapili alfajiri niliuwasha mwishoni mwa kiwanja, nikatia majani mabichi, ili waone upepo unatoka wapi. Niliipenda kazi ile, sitaficha. Kupika sombe, majani ya muhogo, kila mwanamuke anajua. Ni wangapi ambao moshi wao ulingojewa na ndege?

Wakati wa kiangazi, asubuhi za baridi, moshi haukupanda. Ulikwenda mpaka usawa wa vichwa vya michikichi, ukakatika, ukalala. Moshi wa majiko yote ya Kasongo, na wa mashamba yaliyochomwa, ulikuja kulala palepale, ukatandikwa kama mukeka. Kwetu Kabambare, kwa mama yangu, jambo hilo lilikuwa na sheria. Moshi ukilala juu ya nyumba, nyumba imekushika. Hutoki kwenda safari mpaka usimame. Nilikua hivyo. Mara nyingi mimi na mama tulikaa na vikapu vyetu vimeshafungwa, tunaangalia paa.

Muzungu yule alisema mengine. Alipenda kutia chumvi hadithi zake, lakini hilo alilisema bila kucheka: chini kuna baridi, juu kuna joto, na moshi ukilifikia joto lile unagonga kama umegonga dari. Nilimwambia, bwana, mulimani kuna baridi, kila mutu anajua, sasa namna gani huko juu kuwe na joto? Akasema yeye anaondoka chini amevaa koti, akishatoboa moshi anavua. Akasema huko juu ya moshi ni kama sakafu iliyosuguliwa. Ndege haitikisiki. Kasongo imepotea, njia imepotea, vimebaki vichwa vya milima, na jua. Mume wangu akasema hiyo ni bia inasema. Tangu siku ile nilitaka kuiona hiyo sakafu. Moshi niliutengeneza kwa mikono yangu, na mugongo wake sikuujua.

Jumamosi moja mutu wa baiskeli akafika kutoka Kabambare na habari: mama yangu amelala, chakula hakipiti, ananiita. Kwa miguu njia ile ni siku na siku. Mume wangu akaenda kwa muzungu bila kuniambia. Rafiki mwenye duka alikuwa na homa, kiti kilikuwa wazi. Muzungu alikubali upesi. Akasema kesho tutaondoka mapema, nami nitamuona mama kabla jua halijawa kali.

Nikafika kiwanjani na kitambaa changu kizuri, mutoto nimemwacha kwa shemeji. Nikawasha moto kama kawaida. Moshi ukapanda, ukafika vichwa vya michikichi, ukalala.

Nilimwomba bwana tungoje usimame. Akasema hapana. Jua likipasha udongo, hewa itaanza kuchemka, na ndege yake itarushwa kama muchele kwenye ungo. Njia ni nzuri sasa, akasema, kwa sababu moshi umelala. Alieleza kwa upole, blanketi ameshalitandika kwenye kiti changu. Mume wangu akanishika mukono.

"Mama watoto, panda. Mama yako iko anangoja."

Nikaangalia ule moshi. Nilimuona mama na kikapu chake, ananiambia nikae. Sheria ile ni yeye aliyenipa. Ningeivunja, kisha nikamutazame usoni?

"Moshi umelala," nilisema. "Mimi siendi."

Muzungu akachukua kifurushi cha chumvi nilichomufungia mama, akasema atakifikisha. Ndege ikaingia ndani ya moshi, tukabaki na sauti tu. Jua lilipopanda, moshi ulisimama wima, nami nikaanza njia kwa miguu.

Karibu na Wamaza nilikutana na watoto wa mujomba wangu. Walikuwa wamenyoa vichwa. Nikajua ni matanga ya mama.

Kabambare, mama mudogo, mudogo wake mama, alinieleza wazi. Ukoo wetu haupaki maneno mafuta. Jumapili ile mama alikuwa na akili zake zote. Alisikia ndege. Aliomba wamukalishe, wamufunge kitambaa kichwani, maana mutoto wake anakuja. Wakamletea kifurushi cha chumvi. Alikikamata mukononi. Kesho yake akafa.

Nilimwambia mama mudogo kwamba moshi ulikuwa umelala.

"Na huku ulilala," akasema. "Mama yako aliuona. Akasema moshi huo ni wa watu wa miguu."

Nilikaa chini. Mpaka leo, sehemu fulani ya mwili wangu imekaa pale pale.

Kiangazi kilichofuata muzungu alikuwa anarudi kwao Ulaya. Jumapili ya mwisho aliniita. Mume wangu alikuwa amemueleza maneno ya mama, kwa hiyo alijua hakuna sheria tena inayonishika. Akasema njoo, nitakuonyesha ile sakafu, tutazunguka kidogo tu na kushuka. Mulango ulikuwa wazi. Blanketi lilikuwa lile lile. Moshi wangu ulikuwa umelala vizuri kuliko siku zote, umenyooka mpaka macho yanapoishia, na huko juu, nilijua sasa, kulikuwa na joto na jua. Nilitaka sana kupanda.

Lakini nipande kwa matembezi tu, mimi niliyekataa kupanda kwa ajili ya mama yangu?

"Moshi umelala," nilisema. "Mimi siendi."