Saa Mbili za Kupigia Randa

Mganga hajigangi, na fundi vitanda naye halali. Kwa miaka thelathini nusu ya mtaa ililala juu ya kazi ya mikono yake, yeye mwenyewe akihesabu mbao za dari. Majirani walimwita Popo, akaitika tu, maana jina likishakuganda halibanduki hata kwa patasi.

Dawa yake ilikuwa chupa. Alianza na moja ya kuuita usingizi, zikafika sita, na bado usiku wa manane macho yalikuwa makavu. Asubuhi moja mikono ikitetemeka, msumeno wa umeme ulimchuna ncha ya kidole gumba. Mkewe hakupiga kelele. Alimfunga kidole, akafunga na chumba cha msumeno, ufunguo akautia mfukoni.

"Siku nitakapokuamini utaupata," alisema.

Popo alirudi kwenye msumeno wa mkono kama mwanafunzi, na miguu ya kitanda kimoja ikamla siku nzima. Jambo hilo lilimuuma kuliko kidole.

Binti yao, muuguzi, ndiye aliyemwandikisha mafunzo ya usingizi kwenye mtandao. Kila asubuhi alitakiwa ajaze kwenye simu amelala kwa saa ngapi na amekunywa chupa ngapi. Mara moja kwa wiki mshauri, dada mwenye sauti ya upole, alimpigia kwa video. Alimweleza kwamba pombe humlaza mtu upesi kisha humwamsha kabla ya wakati, akamwagiza aipunguze kidogo kidogo, daktari akijua, asiiache ghafla. Kitandani akae kwa muda ule tu anaolala kweli, asigeuke geuke bure.

Wiki tatu zikapita, Popo ni yule yule.

"Baba, hesabu zako nzuri lakini macho mekundu," mshauri alisema. "Huwa unajazaje?"

"Kifundi, mwanangu. Nikilala kwa saa tano, naandika saba."

"Mbona hivyo?"

"Mbao haikatwi kwa kipimo chenyewe. Unaongeza kidogo, ya kupigia randa. Ukikata pungufu, nani ataivuta?"

"Na chupa nazo unaongeza?"

"Ah, hizo nazileta zimeshapigwa randa."

Mkewe, aliyekuwa akikunja nguo pembeni, alicheka mpaka akakaa chini. Mshauri naye alicheka, kisha akatulia.

"Lakini baba, hapa anayekata ni mimi. Umenipa saba, nikakukatia saba za kukaa kitandani, saa nne usiku mpaka kumi na moja alfajiri. Saa mbili zote unagaagaa humo."

Popo maisha yake yote hakuwahi kumsamehe mteja aliyemletea kipimo cha uongo cha chumba, kisha akamlaumu fundi kitanda kisipoingia. Mficha maradhi kifo humuumbua, na aibu ilimshika kwelikweli.

Basi akaanza upya. Alipanda kitandani saa sita usiku na kuamka kumi na moja, asilale mchana hata kope zikimlemea. Usingizi ulipokolea, mshauri alimwongezea robo saa, kisha robo nyingine. Chupa zilishuka mpaka mbili. Jirani mmoja alilalamika kwamba usiku haoni tena taa ya kumwonyesha kuwa kuna mwenzake aliye macho.

Kisha ikaja asubuhi ambayo kitanda cha mteja kilitakiwa kiishe, na bila msumeno wa umeme hakiishi. Mkewe alimletea chai.

"Umelalaje?"

Kusema amelala kwa saa sita kulikuwa rahisi sana. Popo alizungusha kikombe.

"Saa tatu. Na chupa jana zilikuwa nne, si mbili. Ufunguo leo usinipe."

Mkewe aliutoa mfukoni, akamwekea kiganjani.

"Hilo ndilo nililokuwa nalingoja, mume wangu."

Popo alifurahi, hakuficha. Aliutundika kwenye msumari, akampigia mteja kumwomba siku mbili, akachukua msasa. Alisugua kutwa akipiga mluzi, na mlango wa chumba cha msumeno hakuufungua mpaka alipolala kwa saa sita kamili, bila ya randa.