Siku Niliyosema Mkaguzi Anakura

Nikikumbuka mchana ule wa Nyamirambo, Kigali, masikio bado yananiwaka, na kama nawasimulia leo ni kwa sababu mtu aliyekuwa na haki ya kunifukuza nyumbani kwake hakunifukuza.

Binti yangu Claudine alikuwa amemaliza masomo ya kilimo, na ndugu wote wakamwandama arudi chuo asome uhandisi, maana Kigali inajengwa kila kona. Mimi ni fundi wa pampu Gikondo, ninachokijua nimejifundisha mwenyewe, na sipendi kuamua kwa kufuata kelele, kwa hiyo nikawauliza wahandisi wanaoniletea mashine, kisha wakaguzi wa mazao kwenye maghala: mnaanza na mshahara gani, na baada ya miaka mnafika wapi? Nikaona kwamba mhandisi huanza juu, lakini jengo likiisha anatafuta tena, na mkaguzi huanza chini, ila akidumu hupanda cheo. Claudine akachagua ukaguzi. Kilichobaki ni mtu wa kumpokea kwa mafunzo ya kazini, na bila hayo hakuna anayemwajiri.

Bi Zaituni, mkaguzi wa pilipili na parachichi zinazokwenda nje, akatualika chakula cha mchana kwake Nyamirambo amwone binti. Tukamkuta na wageni, wajomba zake kutoka Kigoma. Hapo nikafanya uamuzi mmoja mdogo: niseme Kiswahili badala ya Kinyarwanda, kwa heshima ya wageni (na, niseme kweli, ili wajue kwamba nami nimo). Mjomba mkubwa akaniuliza kwa nini binti hakuchagua uhandisi, nami nikaweka kijiko chini, nikajibu kwa mpangilio.

"Mhandisi anaanza na mshahara mzuri, lakini anabaki palepale. Mkaguzi anaanza na mdogo, lakini kila mwaka anakura."

Wajomba wakatazamana. Nikadhani hawakusikia, nikapaza sauti.

"Anakura! Na cheo kikipanda, anakura zaidi."

"Anakula nini, shemeji?" mjomba akauliza, tonge likiwa hewani.

Nikamwona mzee hajaelewa jambo rahisi, nikamsaidia kwa mfano (Mungu anisamehe huo mfano). "Mtazame Bi Zaituni! Wakaguzi wote niliowauliza wanamsifu, hakuna aliyekura kama yeye. Hata nyumba hii inaonyesha."

Mjomba mdogo akapaliwa na pilau. Claudine akanivuta mkono, akaninong'oneza kwa Kinyarwanda: "Papa, nyamaza! Gukura ni kwetu. Kwa Kiswahili ni kukua. Wanasikia kula!"

Ndipo nikaelewa. Waswahili wamezoea sisi Wanyarwanda kuweka r mahali pa l, kwa hiyo neno langu walilinyoosha wenyewe masikioni, na mimi nikawa nimekaa mezani kwa mwanamke nikimtangazia wajomba zake kwamba anakula rushwa, tena kuliko wenzake wote, na kwamba binti yangu nimemleta ajifunze.

Bi Zaituni akainuka, akaingia jikoni. Nikasema basi, mafunzo yamekwenda, na aliyeyapoteza ni mimi, si mtoto. Nikasimama nimfuate nikaombe radhi, nikamkuta ameshika ukingo wa sinia, mabega yanatikisika. Nilidhani analia.

Alikuwa anacheka.

"Baba Claudine," akasema, akijifuta macho, "wiki hii nimezuia mzigo wa pilipili wenye wadudu, mwenye mzigo akaniambia nikitaka kula niseme. Nikamkatalia. Halafu unakuja wewe, kwangu, unanilisha rushwa mbele ya wajomba!"

"Nilitaka kusema unapanda, dada. Unaendelea."

"Nimejua. Baba yangu alikuwa wa hukuhuku, alikuwa anasema hivyohivyo." Akanikabidhi sinia. "Wapelekee wazee, uwaeleze mwenyewe. Na binti aje Jumatatu, avae viatu vya kufunika vidole."

Niliwaeleza. Mjomba mkubwa alicheka mpaka akavua kofia, na tangu hapo akipiga simu huuliza, "Shemeji, hujambo? Umekura?"

Claudine sasa ni mkaguzi wa kuajiriwa. Mshahara wake bado hauufikii wa binamu yake mhandisi, na halalamiki. Namshukuru Mungu, kisha namshukuru Bi Zaituni, ambaye angeweza kumhukumu mtoto kwa ulimi wa baba yake. Kiswahili sitakiacha, nakipenda mno. Ila kumsifu mtu mezani kwake, tena mbele ya wajomba, hilo nimeapa nitalifanya kwa Kinyarwanda tu.