Nati Nane za Gari la Kwaya

Obadiah Obwocha hakupenda gundi ya eksosi. Fundi mwingine pale Keumbu akiisifu, yeye alitema mate pembeni na kuendelea na kazi yake. Gundi hiyo iliuzwa katika kopo dogo. Unaipaka pale manifoldi inapokutana na injini, inakauka, gari linanyamaza, na mwenye gari anaondoka akitabasamu. Baada ya wiki mbili tatu joto limeshaila, inapasuka vipande vipande, na moshi unaanza tena kupenya.

Manifoldi ni kile chuma chenye vidole vinne kinachopokea moshi kutoka kwenye injini na kuushusha bombani. Moshi ukitokea hapo, Obwocha aliuita moshi mbichi. "Ule wa nyuma ya gari unakukera, unakohoa, unakimbia," aliwaambia madereva. "Huu wa mbele haukuambii chochote. Unakupa usingizi tu."

Kazi aliifundishwa Kericho, katika karakana ya shamba la chai, na Kalasinga mmoja ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheka. Mwaka 1964 alirudi nyumbani, akasimamisha mabati kando ya barabara ya Keumbu, akachimba shimo la kuingilia chini ya magari, na kuanza. Malori ya chai yalimjia kutoka mbali, hata Nyacheki. Walimpa jina la Obwocha wa Shaba, kwa sababu kila aliyemletea manifoldi inayovuja alipewa maneno yale yale: kama unataka ya kudumu, niachie gari.

Ya kudumu ilikuwa na hatua zake. Aliifungua manifoldi, akaikandamiza juu ya kioo cha dirisha alichokipaka masizi. Mahali palipotoka peusi ndipo palipoinuka, na hapo alipiga tupa taratibu mpaka uso wote ukawa sawa. Kisha alikata gasketi ya shaba nyekundu, kile kipande bapa kinachoziba kati ya manifoldi na injini, akaichoma mpaka ikawa kama kaa la moto, akaitumbukiza majini. Shaba ikifanyiwa hivyo hulainika. Akaifunga kwa nati nane, akianzia katikati kwenda pembeni. Halafu injini iliunguruma mpaka chuma kikapata joto kamili, ikazimwa, ikaachwa ipoe kabisa, na nati zote nane zikakazwa mara ya pili. Joto la kwanza hulaza shaba na kuziacha nati zimelegea. Asiyerudia kukaza, alisema Kalasinga, ni afadhali angebandika uji. Na nati ya moto haiguswi. Ukiilazimisha, unakata bolti.

Obwocha alikuwa Msabato, tena wa kuzaliwa. Lakini mwaka 1967 lori la chai lilimkwamia njiani siku ya Sabato, dereva akamsihi, naye akavua koti akaingia chini. Baraza la kanisa likamweka chini ya karipio miezi sita. Yeye aliweza kustahimili. Kilichomuuma ni kwamba mkewe, Drusilla, aliondolewa kwenye uongozi wa kwaya kwa muda ule ule, kana kwamba alikuwa amemshikia spana. Drusilla alikaa benchi la nyuma miezi sita, mdomo umefungwa, wakati wengine wakiziharibu nyimbo alizowafundisha yeye. Hakumlaumu mumewe hata siku moja. Hilo nalo lilimuuma.

Agosti ya mwaka 1972 makambi, mkutano wa kanisa wa kila mwaka, yalikuwa Nyaramba. Ijumaa asubuhi, siku ya maandalio kwa kuwa Sabato huanza jua likizama, Ratemo, dereva wa kanisa, alilisimamisha gari la kwaya mbele ya mabati ya Obwocha. Lilikuwa gari la boksi ambalo injini yake ilikaa ndani, kati ya dereva na abiria wa mbele, imefunikwa kwa kifuniko cha bati.

"Sikiliza linavyokohoa," Ratemo alisema. "Kama shemeji yako akiombwa kulima."

"Shemeji yangu angalau hukohoa akiwa nje. Hili linakohoa ndani. Tangu lini?"

"Jumatatu."

"Na umeendesha siku zote hizo? Kichwa hakikuumi?"

"Kinaniuma tangu nioe."

Obwocha alicheka, akafungua kifuniko, akaacha kucheka. Gasketi ya zamani ilikuwa imeungua upande mmoja. Mzee Alfayo Makori, mzee wa kanisa, alikuwa ameshuka upande wa pili na kusimama akitazama saa yake ya mkononi. Alikuwa amefundisha shule miaka thelathini na alisema na kila mtu kama anayesahihisha daftari.

"Ndugu Obwocha, kwaya iwe Nyaramba kabla jua halijazama. Utamaliza saa ngapi?"

"Mzee, nikipaka gundi, saa sita mchana mnaondoka. Itashika siku tatu, nne. Jumatatu mnirudishie."

"Na ukifanya ile yako?"

"Saa tisa, kumi. Lakini lazima lipoe, nikaze tena."

Mzee Alfayo alitazama saa tena. "Gari la Mungu tulipake gundi?"

Obwocha angeweza kujibu ndiyo. Gundi ingeshika siku zile tatu. Alilijua hilo kuliko mtu yeyote Keumbu. Lakini aliposikia neno lile, na mbele ya mzee aliyekuwa ametia sahihi karipio lake, moyo wake ulijaa fahari. Akachukua kioo na masizi.

Manifoldi ilikuwa imepinda kuliko alivyodhani. Tupa ilimlia mchana wote. Saa kumi alipomaliza kukaza nati mara ya kwanza, kwaya ilikuwa imeshajipanga kando ya barabara na mizigo yao, na Mzee Alfayo hakuiachia tena saa yake. Hapakuwa na nafasi ya kupasha injini, kuipoza na kukaza tena.

"Tutaenda nalo hivyo," Obwocha alisema. "Safari yenyewe italipasha joto. Nitafuatana nanyi. Likipoa huko Nyaramba, nitakaza."

Alikaa mbele, sikio karibu na bati, dirisha wazi. Walipokaribia Nyaramba alisikia sauti ndogo, kama mtu anayefyonza meno kwa mbali. Shaba ilikuwa imelala na nati zimelegea, kama alivyotarajia. Waliingia uwanjani jua likiwa limebaki ukucha. Aliweka mkono juu ya manifoldi akauondoa upesi. Kabla chuma hakijapoa, kengele ililia na watu wakaanza wimbo wa kuipokea Sabato.

Sabato alasiri kwaya ilipangiwa kwenda Nyamira kuwaimbia wagonjwa hospitalini. Obwocha alifika kwenye gari mapema, spana namba kumi na tatu mfukoni mwa koti. Mzee Alfayo alikuwa tayari amesimama pale.

"Ndugu Obwocha, mfukoni una nini?"

"Spana, mzee." Aliitoa. "Ni nati nane. Robo mzunguko kila moja. Hata dakika kumi hazifiki."

"Leo ni siku gani?"

"Naijua siku. Moshi unaingia ndani, mzee. Kuzuia mtu asivute sumu si kazi."

"Mwaka 1967 pia haikuwa kazi." Mzee hakupandisha sauti. Alitazama hema, ambako watu wa makanisa yote walikuwa wakitoka, kisha akamtazama Drusilla aliyekuwa akija na vitabu vya nyimbo mikononi. "Mimi sitaki kuitisha baraza tena. Wewe unataka?"

Drusilla alifika na kuyaona yote kabla ya kuambiwa. Alimvuta mumewe kando, nyuma ya gari.

"Baba Nyamoita, iache."

"Panda nyuma basi. Usikae mbele."

"Nyuma nitatapika kona ya kwanza, unanijua. Nitakaa mbele nifungue dirisha. Ni mwendo wa saa moja tu."

"Drusilla, huo moshi hauna harufu ya kukuonya."

"Na si wewe utakayekaa benchi la nyuma miezi sita ukisikia watu wakipotoa sauti ya pili." Alisema akicheka kidogo, lakini macho hayakucheka. "Jua likizama, kaza utakavyo. Kaza hata mara tatu."

Obwocha aliirudisha spana mfukoni. Katika maisha yake yote yaliyobaki, kitendo hicho ndicho alichokieleza kwa makini kuliko kingine chochote: kwamba aliitoa, ikafika nje, ikaonekana, na kwamba aliirudisha kwa mkono wake mwenyewe.

Nafasi ilijaa, naye akabaki makambini. Saa tisa na nusu mvua ilishuka, ile ya Agosti inayokuja na upepo kutoka milimani. Aliisikiliza ikipiga turubai la hema na akajua madirisha yamefungwa.

Yaliyobaki alisimuliwa na Ratemo. Mvua ilikuwa ikiingia kwa Drusilla na kuwalowesha akina mama waliokaa nyuma yake, wakalalamika, naye akapandisha kioo. Cha Ratemo kilikuwa kibovu, hakikupanda zaidi ya nusu, na mvua ilimpiga begani njia nzima. Kwaya iliimba. Baada ya kupanda vilima viwili, kina mama walisema vichwa vinauma, mmoja akatapika, na wote wakasema ni kona. Drusilla aliacha kuimba katikati ya wimbo, akaegemea mlango. Mtu alisema mwacheni, mama wa watu hakulala usiku kwa sababu ya mazoezi. Wakapunguza sauti wasimwamshe. Waliimba polepole mpaka lango la hospitali, na Ratemo alipozunguka kumfungulia mlango, Drusilla alimwangukia mikononi.

Hospitali ilikuwa hapo hapo. Haikusaidia.

Mazikoni Mzee Alfayo alisema kwamba Mungu alikuwa amemwita mwimbaji wake akiwa kazini. Watu wakaitikia amina. Obwocha alikaa kitako, Nyamoita, binti yake wa miaka kumi na mmoja, amemwegemea ubavuni, na hakuitikia. Alimwamini Mungu kabla ya hapo, alimwamini na siku ile. Lakini Mungu hakuzilegeza zile nati, wala hakumzuia mtu kuzikaza, na kumtwika Yeye kazi iliyofanywa na watu wawili wenye majina kulikuwa kumwonea.

Keumbu walisema lingine. Walisema mkono wa Obwocha umekwisha, kwamba alimuua mkewe kwa shaba yake. Mwenye duka jirani alianza kuuza gundi nyingi zaidi. Obwocha hakujitetea, kwa sababu nusu ya maneno hayo aliyasema mwenyewe kila asubuhi. Angepaka gundi, Drusilla angeimba, akarudi, akamcheka. Alikuwa amechagua njia ya kudumu, akaiacha katikati. Na njia hiyo ikiachwa katikati ni mbaya kuliko ile ya ovyo.

Wiki mbili baada ya maziko, siku ya Jumapili, Ratemo alilileta gari. Mzee Alfayo alikuja nalo, akabaki mbali, karibu na barabara. Alionekana kupungua ndani ya koti lake.

"Fundi mwingine ameogopa kuligusa," Ratemo alisema kwa sauti ndogo. "Ukikataa, hakuna atakayekulaumu."

Obwocha alifungua kifuniko. Shaba ilikuwa nzima, imelala vizuri, haina alama ya kuungua. Alizikaza nati nane, akianzia katikati. Kila moja ilikubali robo mzunguko, hakuna hata moja iliyozidi. Akawasha injini, akaiacha iungurume mpaka joto likakamilika, akaizima, akakaa juu ya jiwe. Baada ya saa mbili na nusu Obwocha aligusa chuma kwa mgongo wa mkono, akakaza tena.

Mzee Alfayo alisogea. "Ndugu Obwocha. Zilikuwa zile zile nane?"

"Zile zile, mzee."

"Dakika ngapi?"

"Sikutazama saa. Wewe ndiye mwenye saa."

Mzee aliondoka kwa miguu, ingawa gari lilikuwa tayari.

Gari lile lilibeba kwaya miaka saba mingine. Breki zake zilibadilishwa, klachi, hata sakafu ya mbao ilioza ikawekwa nyingine, lakini gasketi ile haikufunguliwa na mtu. Obwocha hakulipanda tena. Kila Sabato alienda kanisani kwa miguu, Biblia kwapani, na gari lilipomkuta njiani Ratemo alipunguza mwendo na kumwita. Obwocha aliinua mkono kumwambia aende. Kisha alisimama kando ya barabara, kichwa kimeinama upande mmoja, akiisikiliza injini mpaka ipotee kilimani, akiitafuta ile sauti ya kufyonza meno. Haikuwapo. Manifoldi ilikuwa imefungwa barabara.