Jeki Isiyo na Mpini

Sifa zote ni zake Mwenyezi Mungu, anayetupa pumzi na kuirudisha inapotaka kukatika. Haya ninayoandika niliyaona mwenyewe, na mke wangu ni shahidi. Mtu akisema uzee umenichanganya nitamsikiliza kwa subira, lakini sitabadili neno.

Mimi na Mama Zuhura tunauza vitenge minadani. Tunalala ndani ya tela letu, chumba cha bati chenye magurudumu, tunalivuta kwa pikapu kutoka kwetu Ihanja hadi Shelui, mara nyingine hadi Manyoni. Kila tukifika, tela hunyanyuliwa mbele kwa jeki ili liachie ndoano ya gari. Jeki yetu ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono, na mgongo wangu ulikuwa umeichoka. Nikaamua kununua ya umeme.

Dukani Shelui nikaonyeshwa mbili. Moja nzito, ya polepole, ina mpini wa akiba wa kuzungushia umeme ukigoma. Nyingine inang'aa, ina taa, inapanda haraka, mpini haina. Muuzaji alipoingia stoo kutafuta nati, nikasikia sauti nyuma yangu.

"Chukua yenye mpini, mdogo wangu."

Nikageuka. Kijana, ndevu hazijamkolea, mikono myeusi kwa grisi. Mdogo wake? Mimi mwenye wajukuu?

"Kwenu hamwamkii wakubwa?" nikamuuliza.

"Nami nilikuwa nangoja," akasema, bila kucheka.

Mama Zuhura akaninong'oneza, "Baba Zuhura, weka hasira kando. Anachosema kina maana."

Nikamjibu kuwa sifundishwi na mtoto asiye na adabu, nikachukua ile inayong'aa. Je, nilikuwa nachagua jeki, au namkomoa yule kijana? Fundi akaifunga, tukaondoka.

Jua likizama tuliegesha kando ya barabara, juu kwenye milima ya Sekenke. Nilikuwa nimelegeza ndoano na tela limeanza kunyanyuka, ndipo kifua cha Mama Zuhura kikabana. Ana pumu. Dawa yake ya kuvuta ikatoa hewa tupu. Nikabonyeza jeki imalizie kupanda, niliache tela nimkimbize zahanati. Ikanguruma kidogo, ikanyamaza. Taa yake ikazimika.

Niamini, hapo ndipo nilipoujua umuhimu wa mpini. Ndoano haijatoka, mguu wa jeki umekita ardhini, gari haliendi mbele wala nyuma. Barabara isiyokosa malori ilikuwa tupu. Mke wangu amekaa mlangoni mwa tela, anapumua kwa mluzi.

Nilipoinua uso kutoka kwenye dua, yule kijana alikuwa amesimama kando ya jeki. Tulimwacha Shelui, na hakuna gari lililopita.

"Kijana, tusaidie."

Hakuigusa jeki.

"Mwanangu, nakuomba."

Ananitazama tu, kama mtu anayesubiri haki yake.

Mama Zuhura akavuta pumzi kwa shida. "Msalimie," akasema. "Huyo ni mkubwa wako."

Ulimi ulikuwa mzito. Nikasema, "Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu."

Akainama, akazungusha mkono hewani, pale ambapo mpini ungekuwa. Nilisikia chuma kikisaga. Tela likapanda, ndoano ikaachia. Sikungoja kuona zaidi. Nilimpakia mke wangu nikashuka naye Shelui, na Mungu akamrudishia pumzi yake.

Asubuhi nilirudi dukani. Safari hii nilimkuta mwenye duka, mama wa rika langu. Nilipomsimulia, akatafuta pa kukaa.

"Unamsema kaka yangu," akasema. "Tela lilimlalia huko huko milimani, jeki ilipomshinda. Alikuwa kijana. Angekuwa hai leo, ungemwamkia."

Nikanunua yenye mpini. Ile inayong'aa iko uvunguni mwa kitanda chetu. Ina doa la grisi, kiganja kizima, halitoki kwa sabuni wala kwa mafuta ya taa. Na minadani vijana hunicheka: "Babu huyo, anatuamkia sisi!" Wacha wacheke. Mgeni nisiyemjua, mimi ndiye humwamkia kwanza, hata kama ndevu hazijaota.

Nawe unayetafuta jeki ya umeme, tazama mpini kabla ya kutazama taa. Na akikushauri mtu usiyemjua, usikae ukingoja shikamoo yake.

Mwenyezi Mungu akulinde njiani, wewe unayesoma, na amwachie pumzi yule unayesafiri naye. Amina.