Shuka Jeupe la Sinema ya Mchana

Juzi nilitoka nyumbani asubuhi bila mpango, kama ilivyo ada yangu tangu nilipoikimbia shule, na pale stendi utingo mmoja akaniambia kwamba yule fundi redio wa Garissa amefariki na ameshazikwa. Sikurudi hata kuchukua koti. Nilipanda basi lililokuwa likinguruma mbele yangu.

Tulijuana wakati wa vita vya shifta, serikali ilipopigana na waasi wa kaskazini mashariki. Niliingia Garissa juu ya lori la saruji, simjui mtu, na fundi, mtu wa bara kama mimi, akanipa mkeka katika stoo yake ya mabati. Hakuniuliza natoka wapi. Aliuliza kama naweza kuchuna waya. Siku hizo jua likizama hakuna aliyeruhusiwa kutoka nje. "Usiku wametunyang'anya," alisema, "basi tutautengeneza wetu mchana." Tukaziba kila tundu la msumari kwa matambara. Akachukua debe la mafuta ya kupikia, taa ya lori lililokanyaga bomu, betri yake, na kioo cha darubini iliyovunjika. Filamu ilikuwa kipande kifupi kilichotupwa na gari la sinema la serikali: wachungaji wakinywesha ngamia kisimani Wajir. Aliivuta kwa vidole, picha moja baada ya nyingine, bila kusita, kwa sababu taa ilikuwa kali na picha iliyosimama iliungua. Tulikosa pazia tu. Mama mmoja jirani, Msomali muuza maziwa, akatuazima shuka jeupe, jipya, lenye mikunjo ya dukani bado.

Sikujua kwamba lile lilikuwa vazi la eda. Mumewe alikuwa ameondoka na ngamia kuelekea Diff, mpakani, na dereva mmoja akaleta habari kwamba ameuawa. Mama alinunua shuka siku hiyohiyo, kisha hakulivaa. Kaburi hakuliona, mwili hakuuona. Miezi ikapita, naye si mke wala mjane, akimwekea mtu chakula kila jioni.

Mchana ule tulijifungia watu wanane, joto kama la tanuri. Ngamia wakaanza kutembea ukutani kwa kurukaruka, bila sauti. Mzee mmoja akacheka, "Fundi, ngamia yako iko na kigugumizi!" Mama hakucheka. Kwanza aliitambua chapa iliyochomwa shingoni mwa ngamia, ndipo akamtazama mtu aliyeshika kamba.

"Wallahi, hii ngamia ni yetu. Fundi, simamisha bicha."

"Mama, nikisimamisha itaungua. Sina nyingine."

"Najua. Simamisha, walaal, ndugu yangu."

Fundi alinitazama gizani, kama mtu anayeomba mwingine aamue. Vidole vyake vikatulia. Yule mtu akasimama mbele yetu, mkubwa kuliko alivyokuwa duniani, na kwa pumzi mbili tatu alikuwa akimtazama mkewe. Kisha uso ukaanza kuvimba, doa la kahawia likafunguka shavuni, na kila mmoja wetu aliapa baadaye kwamba yule mtu aligeuza kichwa. Najua ni joto lililokunja filamu. Najua, lakini nywele zilinisimama. Mahali pake pakabaki mwanga mtupu, na harufu.

"Innaa lillaahi," mama akasema taratibu. "Amekwenda."

Akainuka, akaling'oa shuka misumarini na kujitanda. Fundi aliivuta filamu bila kufikiri, na ngamia waliobaki wakapita juu ya mgongo wa mama mmoja mmoja, hadi akafungua mlango na jua likawameza. Jioni ile hakupakua chakula cha pili.

Fundi hakuirudia sinema ile. Alipoulizwa alisema kifaa kimeharibika, ingawa mimi nililala kando yake na najua kilikuwa kizima.

Juzi basi lilinifikisha Garissa alasiri, nikapata chumba cha kulala wageni mtaa wa Waberi. Nilipofunga dirisha la bati, tundu moja la msumari, kwa mwanga wa jua la nje, liliimwaga picha ya mtaa wote juu ya shuka la kitanda, miguu juu: mbuzi, mwanamke, pikipiki, wote wakipita kimya. Sisi tunaopenda kujua kila kitu hudhani kazi ya chombo ni kuwazuia watu wasipotee. Fundi alikuwa na picha moja tu duniani, akaiacha iungue, kwa kuwa kuna mtu aliyehitaji kumwona mtu wake akiondoka. Nilikuwa nimeshika tambara la kuziba lile tundu. Nikaliweka chini.