Rubani Aliyekata Ngazi

Ukitaka kumuudhi Pilipili, muulize anarusha ndege gani. Atakutazama kama umemkanyaga kidole, kisha atakwambia kwamba neno rubani lilikuwa la baharini kabla binadamu hajaota mabawa. Kwamba tangu enzi za matanga meli ngeni haikuingia bandarini bila mwenyeji anayejua fungu la mchanga liko wapi na mwamba umejificha wapi. Na kwamba hawa wa angani waliazima jina wakasahau kulirudisha. Watu hucheka. Yeye hacheki.

Lakini hiyo ilikuwa hasira ya mdomoni tu. Hasira yenyewe, ile iliyomkaa kifuani, ilianza siku aliyokufa shemeji yake.

Shemeji, mume wa dada yake mkubwa, ndiye aliyemfundisha kazi. Kazi yenyewe kuieleza ni rahisi. Boti ndogo inakupeleka nje ya mlango wa bandari na kujibana ubavuni mwa meli, nayo meli haisimami, inatembea. Mabaharia wanateremsha ngazi ya kamba yenye vipandio vya mbao. Unasubiri wimbi liinyanyue boti, unaidaka ngazi, unaukwea ukuta wa chuma mrefu kama ghorofa. Ukifika juu unamwamkia nahodha, na tangu hapo wewe ndiye unayesema kushoto, kulia, polepole, mpaka gatini.

Asubuhi hiyo kamba moja ilikatika Shemeji akiwa karibu kufika juu. Akaangukia ukingo wa boti. Pilipili alikuwa akiitoa meli nyingine. Habari alizisikia redioni, na ikambidi aendelee kusema kushoto, kulia, kwa sababu meli haijui msiba.

Mazishini mkuu wa bandari alisimama, akakohoa, akasema, "Ndugu zangu, ajali haina kinga."

"Kinga ni kamba mpya," alisema Pilipili, na hata waliosimama nyuma kabisa walimsikia.

Wazee wakamvuta pembeni. "Hasira hasara, bwana."

"Na upole je? Upole umemfaa nini huyu tunayemzika?"

Tangu hapo hakuigusa ngazi kabla ya kuikagua kwa macho kutoka botini, kipandio kwa kipandio. Ikiwa mbovu, anadai nyingine. Manahodha wengi walinung'unika wakabadilisha. Marubani wenzake wakaanza kumtania, hasa yule waliyemwita Bwana Sawa, mtu ambaye hata ukimwambia nyumba yake inaungua atakujibu sawa, tutaona.

Ndipo ikaja meli ya nafaka. Ngazi iliyoteremshwa ilikuwa imeoza hadi nyuzi zake zimesimama kama nywele za mgonjwa.

"Nahodha, ngazi yako imekufa," Pilipili alisema redioni. "Teremsha nyingine."

"Sina nyingine. Rubani wa safari iliyopita aliipanda hii hii."

"Basi mwite huyo wa safari iliyopita."

Mkuu wa bandari, aliyekuwa akisikiliza ofisini kwake, akaingilia. "Panda, acha vituko! Gati linasubiri."

Pilipili alimwambia mwendesha boti asogee, akaishika ile ngazi kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akachomoa kisu kiunoni. Kamba hazikumpa taabu. Kipande chote cha chini kikadondoka majini.

"Sasa ni kweli huna," akasema redioni.

Alirudi nchi kavu. Hata jaketi la kujiokolea hajamaliza kulivua, akaiona meli ile ile inaingia. Mabaharia walikuwa wamekirefusha kipande cha ngazi kilichobaki kwa kamba na mafundo, na Bwana Sawa alikuwa amepanda. Pilipili alimngoja gatini.

"Umepanda mafundo!"

"Nimefika salama, sivyo?"

"Shemeji naye alifika salama miaka nenda miaka rudi, mpaka siku ambayo hakufika!"

Ilibidi watenganishwe.

Mkuu alimwita Pilipili. "Umeharibu mali ya watu. Omba radhi."

"Kwa nani? Kwa kamba? Nayo ilikuwa marehemu siku nyingi."

Akasimamishwa kupanda meli, akawekwa chumba cha simu, kazi yake ikawa kuwajibu wanaouliza maji yanajaa lini na kupwa lini. Aliwajibu kama anayetukanwa. Jioni alirudi nyumbani na nyongo yote, akaimwaga hapo. Chai ina moshi. Mlango unapiga kelele. Mkewe akinyamaza, kosa, akisema, kosa.

Siku moja dada yake alimkuta katikati ya kelele hizo. Akakaa, akasubiri amalize.

"Mdogo wangu, kila mtu anakwambia utulie. Mimi sikuja kukutuliza. Mimi nina hasira kuliko wewe. Aliyekufa nilikuwa nalala naye kitanda kimoja. Lakini huyu mkeo hakuisuka ile kamba. Zipeleke hasira zako zinakostahili."

Pilipili akainamisha kichwa. Kesho yake dada alikwenda bandarini, akakaa kwenye benchi nje ya mlango wa mkuu. Na kesho yake tena. Hakulia, hakupiga kelele. Kila nahodha au wakala aliyepita akamsalimu na kumuuliza, "Mama, unamngoja nani?" alijibu, "Simngoji mtu. Mimi ni mjane wa ngazi." Wakiingia ndani, swali lao la kwanza kwa mkuu likawa mjane wa ngazi ni nani. Mkuu alimsihi aondoke, akamletea soda, akamtumia mlinzi. Mlinzi alirudi na uso umemshuka.

Hatimaye mkuu aliwaita marubani wote na kutangaza kwamba, baada ya kutafakari kwa kina, ameamua hakuna rubani atakayepanda meli kabla ngazi haijakaguliwa kutoka botini, na mbovu ikataliwe. Kwamba Pilipili arudi kazini alilitaja mwishoni, kama mtu aliyekumbuka kufunga dirisha. Marehemu hakutajwa kabisa.

"Angalau angemtaja," Pilipili alimwambia dada yake.

"Hajui kuona haya. Wewe nenda kapande."

Akaenda. Yeye na Bwana Sawa hawakusalimiana kwa muda mrefu, mpaka asubuhi moja walipokutana kwenye ngazi za gati, mmoja akirudi, mwingine akitoka.

"Leo nimeikataa ngazi ya meli ya mafuta," Bwana Sawa alisema, akitazama viatu vyake.

Pilipili alikuwa akifunga jaketi. "Umechelewa," akasema, akashuka botini.